Rangi ya Picha na Uaminifu wa Mpiga Picha

Msafiri apitaye Same mjini katika miezi ya kiangazi huona nchi ya vumbi na miiba. Akipanda Milima ya Upare hadi Chome, karibu na kilele cha Shengena chenye kimo cha mita 2,400 na zaidi, hukuta msitu wa kijani uliofunikwa na ukungu. Sasa na tujiulize: mtu akiupiga picha uwanda wa Same, kisha akaikoleza rangi ya kijani hata ukafanana na Chome, je, amesema uwongo? Swali hili si la mafundi peke yao. Ni swali la maadili, nalo latuhusu sote, kwani siku hizi mwenye simu ni mpiga picha.

Zamani filamu ilisafishwa katika chumba cha giza. Kamera za kidijitali zina njia mbili. Katika njia ya kwanza kamera yenyewe huamua mwanga na rangi, hutoa picha iliyo tayari, yaani faili la JPEG, na kuyatupa mengine. Katika njia ya pili huyahifadhi yote iliyoyapokea, nayo huitwa faili ghafi. Katika JPEG kila rangi ina ngazi 256 za mwanga. Katika faili ghafi aghalabu zimo ngazi 4,096 au 16,384. Kwa mfano wa Kipare, faili ghafi ni mahindi na maharage yaliyo kapuni, na JPEG ni makande yaliyokwisha iva. Mwenye kapu aweza kupika apendavyo. Aliyeletewa makande hawezi kuyarudisha kapuni.

Wapo wasemao kwamba, kwa sababu hiyo, ukweli umo katika faili ghafi. Hoja hiyo ina uzito. Mwaka 2015 waamuzi wa shindano la World Press Photo walizilinganisha picha zilizofika duru ya kabla ya mwisho na faili zake ghafi, wakakataa asilimia 20 ya picha hizo. Lakini mwezi wa Novemba mwaka huo huo shirika la habari la Reuters liliwaagiza wapiga picha wake wa kujitegemea wasilete picha zilizotengenezwa kutokana na faili ghafi, bali walete JPEG kama zilivyotoka kamerani. Kwa hao wa kwanza faili ghafi lilikuwa shahidi; kwa hao wa pili lilikuwa mwanya. Wote wawili walimwogopa mpishi.

Tena, hata faili ghafi si jicho la Mungu. Mwaka 1976 Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak alipewa hataza ya mpango wa vichujio ambao kamera nyingi hutumia hata leo: nusu ya vijitundu vya kupokea mwanga huona kijani, robo nyekundu, na robo bluu. Kila kijitundu huona rangi moja tu. Rangi mbili nyingine hukisiwa kutokana na majirani zake. Kisha sharti iamuliwe nyeupe ni ipi, maana kanzu nyeupe mbele ya kandili huonekana ya manjano. Sisi watunzi wa mashairi tumezoea mizani ya silabi. Kamera nayo ina mizani ya weupe. Ni nani aishikaye mizani hiyo?

Historia inatufundisha. Kwa miaka mingi Kodak ilizipelekea maabara kadi zenye picha ya mwanamke Mzungu, zilizojulikana kwa jina la Shirley, ili mitambo ipimwe kwa ngozi yake. Nyuso za watu weusi zilitoka zikiwa giza tupu, macho na meno tu yakionekana. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja katika miaka ya 1990. Fundi wa maabara hakukusudia uwongo. Uwongo ulikuwa katika kipimo chenyewe. Usione vyaelea, vimeundwa. Hata ule mpangilio wa kamera uitwao wa kawaida ni uamuzi wa mtu fulani.

Kwa hiyo kugusa rangi si dhambi, na kutoigusa si usafi. Mwenye kuondoa manjano ya taa usoni pa bibi arusi wa Gonja amemrudishia sura yake. Mwenye kumng'arisha hata dada zake wasimtambue amemnyang'anya sura hiyo, na amewafunza watoto kwamba weusi ni kasoro ya kusahihishwa. Vivyo hivyo, mwenye kuutia kijani uwanda wa Same katika mwaka wa ukame amewanyima wenye njaa ushahidi wao. Na mwenye kuuzidishia ukavu ili aombe msaada amewauza.

Basi kipimo chetu kiwe hiki: je, waliokuwapo wangeitambua picha hiyo, na mpigaji aweza kulitoa faili ghafi na kueleza bila haya alilolifanya? Msanii anayetaka Shengena ya zambarau na aichore. Sanaa ina ruhusa yake. Lakini asiivishe picha hiyo joho la ushahidi. Mwanafunzi aliyepewa kamera hana budi kufundishwa kulitunza faili ghafi, kama karani atunzavyo nakala ya barua, ili siku atakapoulizwa awe na la kuonyesha.