Mlawi wa Miaka 50 Hakurudishwa Nyumbani

Andiko: Hesabu 8:23-26

Wiki hii tuongee juu ya kustaafu, na tuanze na andiko ambalo wengi hulipita haraka. Mungu anamwagiza Musa kwamba Mlawi aanze utumishi akiwa na miaka 25, na akifika 50 aache ile kazi. Na haikuwa kazi ya mchezo. Hema lilibomolewa, likasafirishwa na kusimamishwa tena jangwani, na vyombo vitakatifu vilibebwa mabegani. Lakini soma mstari wa 26. Mlawi aliyestaafu hakuambiwa aende akae kwake. Alibaki hapo hemani akisaidiana na ndugu zake kwenye zamu. Mzigo ulishuka begani, nafasi yake ikabaki.

Hata nje ya kanisa wako walioelewa jambo hili. Kule Washington, Marekani, kuna taasisi iitwayo Smithsonian, iliyoanzishwa 1846. Ina makumbusho mengi, na pia bustani ya wanyama iliyoanzishwa 1889. Katika jumba lake la ndege lililoko Virginia, karibu na uwanja wa ndege wa Dulles, kuna Discovery, chombo kilichoenda anga za juu mara 39. Wengi wanaowatembeza wageni pale ni wastaafu wanaojitolea: waliokuwa marubani, mainjinia na wanajeshi. Mtoto akiuliza mbona chombo ni cheusi kwa chini, kuna mzee wa kumweleza juu ya joto kali la kurudi duniani. Kwenye bustani ya wanyama pia wako wanaojitolea, wanaowajibu wageni maswali. Si lazima mtu awe alikuwa daktari wa mifugo. Anafundishwa kwanza, kisha anapewa zamu.

Mimi nilisomea biashara. Darasani tulifundishwa kwamba mashine hupungua thamani kila mwaka, na kwenye vitabu unaishusha kidogo kidogo. Shida ni kwamba tumechukua hesabu ya mashine tukaiweka juu ya binadamu. Mwalimu akifika 60 mwajiri anampa barua. Sisi kanisani tunamkatia keki, tunampigia makofi, kisha tunamwonyesha kiti cha mbele akae. Miaka 35 ya kufundisha hisabati inakaa pale kitini, na safu tatu nyuma yake kuna kijana wa kidato cha nne anayetafuta mtu wa kumwelekeza.

Kule makumbusho hawaishii kumwambia mzee "karibu." Wana mafunzo, wana ratiba, wana beji yenye jina lake. Sisi tunasema wazee ni baraka, na hata karatasi ya zamu hatuna!

Wazee wetu, andiko lina upande wenu pia. Huyo Mlawi alikubali kuachilia mzigo. Kuna anayestaafu kwa mwajiri lakini kwenye kamati hatoki, na kijana akishika kazi anasahihishwa mbele za watu. Yule rubani mzee wa makumbusho harushi ndege tena. Anamweleza mtoto jinsi inavyoruka, na mtoto anaenda nyumbani akitaka kuwa rubani.

Na sisi viongozi tusigeuze kujitolea kuwa njia ya kupata kazi ya bure. Kuna mzee ambaye pensheni yake haijafika. Kuna mama aliyeuza mboga miaka 40, na pensheni hana kabisa. Huyo mama amesomesha watoto kutoka kwa kibanda, na ana somo la biashara ambalo mimi sikulipata chuoni. Ukimwita aje afundishe, mpe nauli na chai. Paulo anatukumbusha katika 1 Timotheo 5:18 kwamba mfanyakazi anastahili ujira wake.

Jumapili hii kutakuwa na daftari mlangoni. Wewe uliyestaafu, andika unachokijua na siku unayoweza kuja. Wewe kijana, andika unachotaka kufundishwa. Tutawaunganisha wawili wawili, tuanze.

Tuombe: Bwana, wape wazee wetu zamu hemani mwako, na sisi utupe masikio ya kuwasikiliza wangali nasi. Amina.