Shuka Safi kwa Ajili ya Nani?

Mashuka ya vitanda vya watoto wachanga yaliyofumwa kwa pamba ya kilimo hai huuzwa kwa ahadi moja, nayo ni usafi. Mzazi anaambiwa kwamba ngozi ya mtoto ni nyororo, mapafu yake hayajakomaa, na kwamba saa zote anazolala azilale juu ya kitambaa kisichopata kuguswa na sumu. Kwa Waswahili wanaolea watoto London, Toronto au Minneapolis, ahadi hii hubisha hodi kabla mtoto hajazaliwa, ikiwa na bei ya juu na lawama ya chinichini kwa atakayeshindwa kuilipa. Linaonekana jambo la dukani tu, lakini limebeba swali ambalo dini na falsafa zimelihangaikia kwa karne nyingi: usafi ni nini, na nani anatudai usafi huo? Dai langu ni kwamba pamba ya kilimo hai ina thamani ya kweli, ila sababu inayotolewa na wauzaji si sahihi, na sababu isiyo sahihi hapa inaleta madhara.

Tuanze na mtoto mwenyewe. Pamba ikitoka shambani haiendi moja kwa moja kitandani. Huchambuliwa, ikasokotwa, ikafumwa, kisha kitambaa kikachemshwa kwa dawa kali za kuondoa mafuta na nta, kikapaushwa, kikatiwa rangi na kuoshwa tena. Mabaki ya viuatilifu vya shambani yanayovuka safari hiyo yote ni haba mno. Kinachobaki kwenye shuka jipya, mara nyingi, kimetiwa kiwandani: gundi zenye fomaldehaidi zinazofanya kitambaa kisikunjamane, au rangi ambazo ngozi nyingine haziziwezi. Gundi hiyo inaweza kutiwa kwenye pamba yoyote, hata ile iliyolimwa bila tone la dawa. Ni kweli kwamba viwango vikali, kama kile cha kimataifa cha nguo za kilimo hai kinachojulikana kwa kifupi GOTS, kilichoanza kutumika katikati ya miaka ya 2000, hukagua kiwanda pia: huzuia fomaldehaidi na kutaka nyuzi zisizopungua asilimia 95 ziwe za kilimo hai kwa daraja la juu. Lakini sehemu kubwa ya faida hiyo mzazi anaweza kuipata kwa kufua shuka mara mbili kabla ya kulitandika. Shuka la mtumba lililofuliwa miaka mitano huenda limebaki na dawa za kiwandani kidogo kuliko jipya lenye cheti, ingawa hakuna muuzaji atakayeyabandika maneno hayo kwenye pakiti.

Hatari inayoua vitandani ni nyingine kabisa, na inajulikana. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, Uingereza mwaka 1991 na Marekani kwa kampeni kubwa ya mwaka 1994, wazazi walihimizwa wawalaze watoto chali badala ya kifudifudi, na vifo vya ghafla vya watoto wachanga vikapungua kwa zaidi ya nusu. Hata hivyo Marekani peke yake bado hupoteza watoto wapatao 3,500 kila mwaka katika vifo vinavyohusiana na usingizi. Madaktari wa watoto wa huko, katika mwongozo wao wa mwaka 2022, walirudia agizo lisilo na biashara ndani yake: godoro gumu na tambarare, shuka moja lililobana, na zaidi ya hapo kitanda kiwe kitupu. Hakuna mto, hakuna blanketi, hakuna mfarishi, hakuna matakia ya kuzungushia kingo. Mwaka huohuo sheria ya Marekani ikapiga marufuku uuzaji wa matakia hayo. Hakuna hata moja kati ya maagizo haya linalouliza pamba ililimwaje. Takia la pamba ya kilimo hai huziba pua ya mtoto sawasawa na takia la nailoni. Na bado bidhaa za kilimo hai mara nyingi huuzwa kwa seti, shuka pamoja na mto na mfarishi, kana kwamba baraka ya shamba imevifanya vitu hivyo viwe salama. Hapo ndipo wazo la usafi linapoanza kudhuru, kwa kumpa mzazi ruhusa ya kukijaza kitanda ambacho kingepaswa kuachwa kitupu.

Woga wa sumu una mvuto ambao woga wa mto hauna. Mwaka 1989 Mwingereza Barry Richardson alidai kwamba kuvu wanaoota kwenye magodoro ya watoto hubadilisha kemikali za kuzuia moto kuwa gesi zinazoua. Dai hilo likaenea kwa televisheni, na New Zealand mkemia Jim Sprott akawashawishi wazazi wengi wayafunike magodoro kwa plastiki maalumu. Uingereza iliunda jopo la wataalamu, ambalo katika ripoti yake ya mwaka 1998 halikupata ushahidi kwamba gesi hizo ndizo zilizoua watoto. Wakati mjadala ukiwaka, uhai ulikuwa ukiokolewa na kitendo kisichogharimu hata senti, yaani kumgeuza mtoto alale chali. Sumu ni adui mwenye sura, na dhidi yake kuna kitu cha kununua. Mtoto anayejifunika uso kwa blanketi alilopewa kwa mapenzi na bibi yake hana adui wa kulaumiwa.

Dini zetu ziliwahi kukutana na wasiwasi wa namna hii, na zilikuwa na hekima nao. Wanazuoni wa fikihi wa Kiislamu wameihesabu nguo ya mtoto kuwa ni tohara mpaka najisi yake ithibitike, na miongoni mwa hoja zao ni ile habari mashuhuri ya Mtume kuswali huku amembeba mjukuu wake Umama binti Zaynab. Kanuni yao ni kwamba yakini haiondolewi na shaka. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza daraja za ucha Mungu katika kujiepusha na vyenye shaka, lakini alitofautisha uangalifu huo na wasiwasi unaomfunga mtu kwa mambo asiyo na dalili nayo. Jambo la kutazama ni kile ambacho wanazuoni hao walikihoji kwa ukali zaidi kuhusu nguo. Walihoji ilipatikanaje: je, fedha iliyoinunua ni ya halali, je, ilinyang'anywa kwa mwenyewe? Walijadiliana hata kama swala ya mtu aliyevaa nguo ya kunyang'anya inaswihi. Nguo ile inaweza kuwa imefuliwa ikang'aa, na bado haki ya mtu imekaa ndani yake. Upande wa Ukristo, Injili humlaza mtoto Yesu katika hori la kulishia ng'ombe bila kuona haya, na Marko anasimulia mafundisho yanayoihamisha najisi kutoka kwenye kinachoingia mwilini na kuipeleka kwenye kinachotoka moyoni. Lebo ya dukani imeazima msamiati wa tohara kutoka dini hizi, ikaiacha nyuma nusu iliyokuwa nzito zaidi, ile inayomhusu jirani.

Tukilirudisha swali la jirani, pamba ya kilimo hai inapata maana. Zao hili hutumia takriban sehemu moja ya kumi ya viuadudu vyote vinavyouzwa duniani, na viuadudu hivyo haviishii kwenye funza wa vitumba. Vinaingia kwa mtu aliyebeba bomba mgongoni bila glavu wala barakoa, na kwa watoto wa nyumba ambamo chupa ya dawa huhifadhiwa pamoja na vyakula. Nchini Benin, katika msimu wa 1999 na 2000, makumi ya watu walikufa kwa sumu ya endosulfani iliyotumika kwenye pamba, na watoto walikuwemo. Ilichukua hadi mwaka 2011 kwa nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm kukubaliana kuiondoa dawa hiyo duniani. Tanzania ina upande mwingine wa habari hii: Meatu, mkoani Simiyu, wakulima wamekuwa wakilima pamba ya kilimo hai chini ya mradi wa bioRe tangu mwaka 1994, wakipambana na wadudu bila dawa za kiwandani na wakiuza kwa mnunuzi anayetambua kazi hiyo. Kwa hiyo yupo mtoto anayekingwa na shuka la kilimo hai, na ushahidi wa kukingwa kwake una nguvu kuliko ule wa mtoto wa Minneapolis. Anaishi kijijini Simiyu, na pengine amelalia kanga ya mama yake. Bei ya ziada inalipa gharama ambayo, kwenye shuka la kawaida, ililipwa na mwili wa mtu mwingine. Hiyo ni haki, na haki haihitaji kujificha nyuma ya afya ya mnunuzi.

Mzazi anaweza kujibu kwamba jukumu lake la kwanza ni kwa mtoto wake. Mtoto ni amana, na mwenye amana haulizwi kwanza kuhusu watoto wa Meatu. Nakubali kwamba mapenzi ya mzazi yana haki ya kupendelea; falsafa inayomtaka mama awapende watoto wote kwa kipimo kimoja haijawahi kulea mtoto. Lakini kumtanguliza wako kunakuruhusu kumpa zaidi, hakukuruhusu kumpa kwa kumdhuru wa mwenzako. Baba hawezi kumlisha mwanawe kwa ng'ombe wa wizi akajitetea kwa amana. Na kwa kuwa kitanda salama kinataka vitu vichache tu, haki hii haimpunguzii mtoto chochote: fedha iliyokuwa iende kwenye mto, mfarishi na matakia inatosha kulipa tofauti ya bei ya mashuka mawili. Asiyekuwa na fedha hiyo hana deni. Godoro gumu, shuka safi lililobana na mtoto aliyelazwa chali ni ulezi kamili.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Wataalamu wamewahi kutuhakikishia usalama wa vitu vilivyokuja kuonekana na madhara. Kemikali za bromini za kuzuia moto zilijazwa kwenye sponji za samani kwa miaka mingi, zikaonekana katika damu na maziwa ya akina mama, na utengenezaji wa aina mojawapo kuu ukasitishwa Marekani mwaka 2004. Kwa nini basi mzazi asikae upande wa tahadhari? Akae. Ila tahadhari nayo hutaka dalili ya mahali pa kuelekea, na hapa dalili zinaelekeza kwenye sponji na kwenye kiwanda cha nguo. Mzazi mwenye hofu hiyo achunguze godoro limejazwa nini na kitambaa kimetiwa nini, na vipo vyeti vinavyopima nguo iliyokamilika bila kuuliza habari za shamba. Tahadhari isiyochagua pa kusimama huishia kukataa kila kitu kilichotengenezwa na binadamu, na kukataa huko kumewahi kuwa na bei kubwa.

Mfano ulio karibu nasi ni chandarua. Kitambaa chenye faida kubwa kuliko vyote juu ya kitanda cha mtoto wa Tanzania kimetiwa kiuadudu kwa makusudi, na baadhi ya aina zimefumwa kwa plastiki yenye permethrini ndani ya nyuzi zake. Kwa kipimo cha usafi wa lebo, hakuna kitu kichafu zaidi kinachoweza kumfunika mtoto. Utafiti uliofanywa Kilombero na Ulanga mwishoni mwa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne waliolala ndani ya vyandarua vyenye dawa walikuwa na nafasi ya kuishi iliyoongezeka kwa asilimia 27. Aliyeshika kanuni ya kwamba sumu isimkaribie mtoto hana njia ya kukielezea chandarua isipokuwa kwa kuivunja kanuni yake. Aliyeshika kanuni ya kutomdhuru mtoto, wake au wa mwingine, anakielewa bila taabu.

Kaskazini mwa Uganda kanuni hizi mbili ziligongana hadharani. Wilaya ya Apac ilikuwa miongoni mwa sehemu zenye malaria kali kuliko zote zilizowahi kupimwa. Watafiti walikadiria zaidi ya mara 1,500 za kuumwa na mbu wenye vimelea kwa mtu mmoja kwa mwaka. Mwaka 2008 serikali, miaka miwili baada ya Shirika la Afya Duniani kuunga mkono upya matumizi ya DDT ndani ya nyumba, ilianza kupulizia dawa hiyo kwenye kuta za nyumba za Apac na Oyam. Eneo hilohilo lilikuwa la pamba na ufuta wa kilimo hai. Wakulima huhifadhi mavuno ndani, na wanunuzi wa nje wasingekubali hata chembe ya DDT, kwa hiyo kampuni za kuuza mazao nje zikaacha kununua, shauri likafika Mahakama Kuu, na upuliziaji ukazuiwa. Baadaye ulirudi kwa dawa nyingine, malaria ikashuka. Uliposimamishwa mwaka 2014, mwaka uliofuata ugonjwa ukapanda tena kwa kasi.

Mtu anaweza kusema DDT haikuwa dawa sahihi, na hoja hiyo ina watetezi wenye akili. Ninachokitazama ni namna uamuzi ulivyosukumwa. Kigezo kilichotawala kilikuwa usafi wa nyuzi mikononi mwa mnunuzi, na mtoto wa Apac hakuwa na nafasi katika cheti hicho. Mnunuzi anayetafuta haki angeweza kuipokea pamba ile pamoja na chembe zake, kwa kuwa mkulima hakuipulizia, nayo ingechemshwa na kuoshwa kabla ya kufika kitandani kwa mtu yeyote. Anayetafuta usafi alilazimika kuikataa. Vyeti vya kilimo hai vingeweza kuandikwa upya kwa kifungu kimoja, kinachoruhusu mabaki madogo yanayotokana na dawa ya malaria iliyopuliziwa ndani ya nyumba, na watu wenye nguvu ya kukidai kifungu hicho ni walewale wanaosimama mbele ya rafu wakichagua shuka la mtoto wao.