Je, Mbio na Sinema ni Elimu?



Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa mtaa wetu alitungoja chini ya mwembe. Akatuamkia, kisha akasema, "Mwalimu, nisaidie. Binti yangu amemaliza kidato cha sita, na sasa ataka kwenda Chuo Kikuu kusomea michezo na sinema. Wajomba zake wamekasirika. Wasema shamba la michungwa haliuzwi ili mtoto akafundishwe kukimbia na kupiga picha."

Siku ile hatukumjibu. Tulisema tutafikiri, na maneno hayo mara nyingi ni njia ya adabu ya kukimbia swali. Lakini swali lilitufuata nyumbani, na kwa kuwa si la mama yule peke yake, tumeona vema tuliandike hapa.

Yatupasa kuanza kwa kukiri kosa. Katika miaka ya 1980, tulipokuwa tukifundisha shule ya msingi, ratiba ilikuwa na kipindi cha michezo. Mara nyingi kipindi hicho tulikitumia kwa palizi ya shamba la shule. Palikuwa na mvulana mmoja mwenye mbio za ajabu. Tulimwambia mbele ya wenzake kwamba miguu haifanyi mtihani. Darasa zima lilicheka, nasi tukajiona tumesema neno la hekima. Mvulana yule akaacha kukimbia, wala alama zake za hesabu hazikupanda.

Tulisema hivyo kwa sababu tulidhani mtu ni kichwa, na viungo vingine ni kama punda wa kukibeba. Sijui dhana hiyo twaitoa wapi sisi Wakristo, ambao katika Imani ya Mitume twakiri ufufuo wa mwili. Wengine watatukumbusha kwamba Mtume Paulo alimwandikia Timotheo kuwa mazoezi ya mwili yana faida kidogo. Ni kweli, na alisema utauwa wafaa zaidi. Lakini kidogo si sifuri. Mwalimu yeyote wa darasa la kwanza ajua tofauti hiyo.

Basi tukauliza watoto hao hujifunza nini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo, na filamu pia hufundishwa hapo pamoja na sanaa nyingine. Mwenye kusoma sayansi ya michezo hasomi kupiga mpira tu. Husoma moyo, mapafu, misuli na mifupa. Jinsi mwili utumiavyo chakula unapochoka. Kwa nini goti huumia. Na namna mazoezi yanavyomsaidia mgonjwa kupata nguvu tena. Shirika la Afya Duniani lashauri kila mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya kiasi kila wiki, kama kutembea kwa haraka. Wazee waliotoka Magila kuja Muheza kwa miguu hawakuhitaji shauri hilo. Siku hizi bodaboda hutufikisha mpaka mlangoni pa kanisa, kisha twashangaa kuona presha na kisukari katika kila nyumba.

Kuhusu sinema tulikuwa wagumu zaidi, maana twaona vijana wanavyokesha mbele ya mambo yasiyowajenga. Hata hivyo tulipochunguza asili yake tulistaajabu. Mwaka 1878 huko California, Eadweard Muybridge alipanga kamera nyingi kandokando ya njia ya farasi, akaonyesha kwamba farasi akimbiapo iko nukta ambapo kwato zote nne zimeacha ardhi. Jicho la mtu halikuwahi kuliona jambo hilo kwa hakika. Mwaka 1882 Étienne-Jules Marey wa Ufaransa, mtaalamu wa mambo ya mwili, alitengeneza chombo mfano wa bunduki, kilichopiga picha 12 kwa sekunde, ili atazame mwendo wa viumbe. Kumbe sinema ilizaliwa na watu waliotaka kujua jinsi mwili unavyokwenda! Binti yule, ambaye wajomba walimwona amechanganya mambo mawili yasiyohusiana, ameyarudisha nyumbani kwao.

Hata hapa kwetu sinema si mgeni wa jana. Kati ya 1935 na 1937, Vugiri, huko Usambara, palikuwa na kituo kilichotengeneza filamu fupi 35 kwa ajili ya watu wa Afrika Mashariki. Kazi hiyo ilianzishwa chini ya Baraza la Kimataifa la Misioni, kwa fedha za Carnegie kutoka Marekani. Filamu moja ilionyesha vibarua wawili: mmoja aliweka mshahara wake posta, na mwingine akaufukia nyumbani, ukaibiwa. Mafunzo yenyewe hayakuwa mabaya. Lakini wageni ndio waliokuwa na kamera, na wageni ndio walioamua nani awe mwerevu na nani awe mjinga. Watu wetu walicheza.

Hapo ndipo tulipoona uzito wa jambo hili, kwa maana mwenye kamera huamua mtu akumbukwe kwa lipi. Mfikirieni John Stephen Akhwari wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico, alianguka akaumia goti, akaendelea. Aliingia uwanjani wa mwisho, wa 57, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Waliokuwa wameanza walikuwa 75. Dunia yamjua kwa sababu kamera ilikuwapo, na Bud Greenspan wa Marekani akaieneza picha ile. Twashukuru. Lakini wangapi kati yetu wajua kwamba mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, Akhwari alikuwa wa tano katika marathoni? Picha ile haikusema uongo hata kidogo, ila imemwacha yule mwanariadha hodari akichechemea miaka yote hii.

Tulimwendea yule mama, tukamwambia tuliyoyaona. Hatukumwahidi kwamba kazi inamngoja binti yake. Hakuna awezaye kuahidi hivyo, hata kwa wanaosomea sheria. Kuhusu shamba tulikubaliana na wajomba: machungwa na yauzwe, miti ibaki, maana wako wadogo zake wanaokuja nyuma.

Binti mwenyewe alikuwapo, akitusikiliza kimya. Tulipoondoka alituomba ruhusa, akasimama kando ya njia na simu yake, akasema, "Shikamoo tena, Babu. Tembea tu kama kawaida yako." Tukatembea mpaka kwenye mnazi, tukarudi. Akatuonyesha: mguu wa kushoto twauburuta, na bega la kulia limeshuka. Tukakana. Akairudisha picha polepole, akaweka kidole penye kisigino. Tukamwomba aionyeshe mara ya tatu.