Tumejuaje?

Nikiwa kidato cha pili, Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani vilichukua kurasa mbili za daftari langu: sababu, matokeo, na mwishoni mstari uliosema babu zetu walishindwa kwa kuamini maji ya kuwakinga na risasi. Nilikariri, nikapata vema zangu. Swali ambalo hakuna aliyeliuliza darasani ni hili: tumejuaje?

Anayepanga mtaala wa historia hana budi kuacha mengi. Vipindi vya dakika 40 havibebi karne. Kinachoniuma ni kwamba tunapunguza ushahidi ili mada zienee. Historia ni ushuhuda, na kila ushuhuda una mwenyewe.

Chukua idadi ya waliokufa kati ya 1905 na 1907. Wajerumani walitaja 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000. Mwalimu akiandika tarakimu moja, wanafunzi watainakili. Akiziandika zote mbili, yupo atakayeuliza nani alihesabu, na kama waliokufa kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa walihesabiwa. Hapo njaa itaonekana ilivyokuwa: silaha. Hata ule mstari wa maji utabadilika sura, kwa sababu ni maji hayohayo yaliyowakutanisha Wamatumbi, Wangoni na wengine ambao kabla ya hapo hawakuwahi kupigana bega kwa bega.

Tarehe zibaki, tena zifundishwe vizuri, maana bila tarehe ushahidi hauna pa kushika. Ila mada zipunguzwe. Nalisema hili nikijua mtihani wa taifa unavyomkaba mwalimu.

Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu, Dar es Salaam, walikwenda vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka vita vile. Wazee hao hawapo tena. Lakini bibi wa mwanafunzi wa leo anakumbuka miaka ya 1970, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Mtaala utenge muhula mzima kwa ajili yake. Mtoto aende na daftari, akae naye jikoni, amwulize: mlikuwa mkiishi wapi, mlibeba nini, nani aliwaambia mhame? Bibi mmoja huenda akasema walihama kwa hiari. Jirani yake, kwamba nyumba yao ilichomwa wakiwa wanaitazama. Mwalimu asiharakishe kuwaamulia. Ayaandike yote mawili ubaoni, aweke chaki chini, awaachie watoto waulizane.