Siri Yako Inamlinda Nani?

Kutunza siri na kuficha jambo, je, ni kitu kimoja?

Nianze na langu. Mwaka jana nilichukua mkopo kwenye sacco nimlipie kaka yangu deni, bila kumwambia mama watoto. Barua ya kukubaliwa ilikuja kwa barua pepe nikiwa kazini. Nikaisoma kwenye simu, nikaifuta, nikajua yameisha. Kumbe akaunti hiyohiyo ilikuwa wazi kwenye tableti ya nyumbani, ile watoto hufanyia kazi ya shule. Ililia mezani, mke wangu akatazama. Jioni aliniuliza tu, "Baba, ule mkopo ni wa nini?"

Wengi tunadhani barua pepe hukaa ndani ya simu. La. Hukaa kwenye kompyuta za kampuni huko mbali, na kila kifaa ulichofungulia akaunti ni dirisha la chumba kilekile. Hata ukifuta, Gmail huiweka barua kwenye taka siku 30 kabla haijatoweka.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kubadilisha nenosiri. Hapo dhamiri ikanishika. Tableti isingelia, ningekuwa safi? Hapana. Kosa halikuanza mke wangu aliposoma. Lilianza zamani, siku niliyotia sahihi peke yangu. Mungu haombi nenosiri.

Mtu atasema, basi mume na mke wasifichane hata neno. Polepole. Kwenye akaunti hiyohiyo kuna barua ya ndugu aliyeniomba nimwombee kwa ugonjwa wake. Hiyo si yangu kuianika, hata kwa mke wangu. Siri ile inamlinda yeye. Siri ya mkopo ilinilinda mimi, na kumbe kulipa ni nyumba nzima, manake pesa ingetoka kwa unga na karo.

Kwa hivyo nilifanya mambo mawili. Kwanza nilimweleza mke wangu yote: ni pesa ngapi, za nini, miezi mingapi imebaki. Halafu ndipo nikatoa akaunti yangu kwenye tableti ya watoto, kwa ajili ya wale wanaoniandikia shida zao. Ningeanza na hilo la pili, ingekuwa ni kufunga dirisha tu.

Mpendwa, leo kabla hujafuta kitu, jiulize: siri hii inamlinda nani? Jibu likiwa "mimi peke yangu," usifute. Ongea kwanza.