Nyumba Isibaki Tupu

JUMANNE

Soma Mathayo 12:43–45. Kwa nini nyumba iliyokwisha kusafishwa iliishia katika hali mbaya kuliko ile ya kwanza?

Yesu anasimulia habari za pepo mchafu aliyemtoka mtu, kisha akarudi. Nyumba aliikuta safi na imepangwa vizuri, lakini haikuwa na mkaaji. Fundisho hili liliwahusu watu waliopenda matengenezo ya nje pasipo kumpokea Kristo. Hata hivyo, kanuni yake inagusa kila tabia ambayo mwamini anajitahidi kuiacha. Kuondoa kibaya hakutoshi. Mahali pake panahitaji kujazwa.

Mfikirie mshiriki anayefanya kazi ya kutoa mizigo mpakani Tunduma. Malori yamepanga foleni kuelekea Nakonde, nyaraka zinasubiriwa, naye ameketi mchana kutwa na simu mkononi. Jioni nyumbani anaendelea kuperuzi. Mtoto wake amesimama kando na daftari la hesabu. Anaita, “Baba,” anajibiwa, “Subiri,” hadi anachoka na kwenda kulala. Usiku baba naye hapati usingizi. Ameona nyumba za wenzake, magari yao na safari zao, na moyo umejaa kinyongo asichojua kimetoka wapi.

Siku ya Sabato, baada ya hubiri, anafuta programu zote. Kufikia Jumatano amezirudisha. Alipoahidi hakuwa mnafiki. Aliifagia nyumba, lakini ile saa ya jioni hakuipa kazi nyingine.

Soma 1 Wakorintho 6:12, 19, 20. Paulo anaunganishaje utawala wa mazoea na utunzaji wa mwili?

Mtume anakataa kutawaliwa hata na kitu kilicho halali, kisha anasema kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Simu yenyewe si dhambi. Wengi hupokea kwayo masomo na habari za ndugu. Tatizo huanza pale inapokuwa bwana.

Hapa mazoezi yana nafasi yake. Katika mwongozo wake wa mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Linaeleza pia kwamba mazoezi hupunguza dalili za sonona na wasiwasi na kuboresha usingizi. Kwa Waadventista jambo hili si geni. Katika Huduma ya Uponyaji, kitabu kilichotoka mwaka 1905, Ellen G. White aliyataja mazoezi miongoni mwa tiba nane za asili, na pumziko pia limo.

Kwa hiyo mkulima wa kahawa wa Mbozi, aliyeshika jembe tangu alfajiri, pengine anahitaji pumziko kuliko mbio. Lakini aliyeketi ofisini, dukani au kwenye usukani anahitaji kutembea. Achague njia ya mtaani iliyo mbali na malori na vumbi, na simu aiache nyumbani.

Wengine watataja 1 Timotheo 4:8, kwamba mazoezi ya mwili yafaa kidogo. Kidogo si bure. Paulo huyo huyo, wenzake walipopanda merikebu, aliamua kwenda Aso kwa miguu (Matendo 20:13). Ni kweli, matembezi peke yake hayawezi kuujaza moyo; nyumba inamhitaji Mkaaji. Lakini kumbuka njia ya Emau (Luka 24:13–32). Wanafunzi wawili walitembea huku wakizungumza kwa huzuni, na Yesu mwenyewe akaungana nao. Baba anayetoka jioni akiwa amemshika mwanawe mkono, akimsikiliza habari za shule na kuomba pamoja naye, ameipa saa ile kazi njema, naye amemkaribisha Bwana katika mwendo wao.

Kwa majadiliano: Ni saa ipi ya siku ambayo simu imekutawala? Utaijaza na nini wiki hii, na nani atatembea pamoja nawe?