Je, Kuulizwa Hesabu ni Kutukanwa?

Katika usharika mmoja tuujuao yalitokea maneno ambayo huenda yamekwisha kutokea katika sharika nyingi. Mtunza fedha alikuwa mzee mwenye sifa njema, naye alikuwa ameishika kazi hiyo miaka kumi na miwili bila kulalamikiwa na mtu. Siku moja wazee wenzake walimwomba alete vitabu vyake, pamoja na risiti za mabati na saruji iliyonunuliwa kwa ajili ya nyumba ya mwinjilisti. Akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Basi leo mmeniita mwivi." Akaondoka barazani, na kwa Jumapili mbili hatukumwona kanisani.

Jambo hili limetufikirisha sana. Maana mzee yule hakuwa mwivi, wala waliomwuliza hawakumdhania hivyo. Je, waulizaji walipungukiwa na upendo? Au ni yeye aliyekosa alipoona uchungu? Swali hili si la sharika peke yake. Ndilo lirudialo kila mara Bunge linapoitaka Serikali ieleze jinsi ilivyozitumia fedha za watu, na nani amepewa cheo gani, na kwa sababu gani. Wako Wakristo wema wasemao ya kuwa wenye mamlaka wamewekwa na Mungu, kama Mtume Paulo alivyowaandikia Warumi, kwa hiyo haifai walio chini kuwauliza. Wengine hulishika neno la kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 12, pale tusomapo kwamba watu waliokabidhiwa fedha za kuwalipa mafundi wa hekalu hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walikuwa waaminifu.

Sisi twawasihi wasomaji waisome sura hiyo tangu mwanzo wake. Mfalme Yoashi alikuwa amewaagiza makuhani wapokee fedha za watu na kuitengeneza nyumba ya Bwana. Hata ulipofika mwaka wa ishirini na tatu wa kutawala kwake, palipobomoka palikuwa pangali pamebomoka. Haikuandikwa ya kuwa makuhani waliiba. Imeandikwa tu ya kuwa kazi haikufanyika. Ndipo Yehoyada kuhani alipotwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka karibu na madhabahu. Na kila fedha zilipokuwa nyingi ndani yake, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja wote wawili, wakazihesabu na kuzifunga mifukoni. Basi wale wasiodaiwa hesabu walipokea fedha zilizokwisha kuhesabiwa na watu wawili, mmoja wa nyumba ya mfalme na mmoja wa hekalu. Uaminifu wao ulikuwa na ua, haukuachwa porini.

Ua wa namna hiyo Waingereza waliujenga katika Bunge lao. Mwaka 1861, William Gladstone alipokuwa waziri wa fedha, Bunge liliunda kamati ya kuzitazama hesabu za Serikali, na sheria ya mwaka 1866 ikamweka mkaguzi mkuu wa kuzichungua na kulipasha Bunge habari. Tena iko desturi ya kwamba mwenyekiti wa kamati hiyo hutoka upande wa upinzani. Nchi nyingi zilizotawaliwa nao zilirithi utaratibu huu, na Tanzania ni mojawapo. Katiba yetu, katika ibara ya 143, yasema kwamba Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali humpa Rais taarifa yake, naye Rais huagiza ipelekwe Bungeni. Sisi hulipenda zaidi neno lifuatalo: Rais asipofanya hivyo, Mkaguzi ataipeleka mwenyewe kwa Spika. Walioliandika neno hilo hawakumwita Rais yeyote mwongo. Walitia komeo mlangoni kabla ya usiku kuingia, kama afanyavyo kila mwenye nyumba, hata akiwa na majirani wema.

Lakini kisa kitufundishacho zaidi kilitokea katika nchi yetu wenyewe, ilipokuwa ingali ikiitwa Tanganyika, nacho si kisa cha wizi. Baada ya vita vya pili vya dunia, watu wa Uingereza walipungukiwa sana na mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa katika United Africa Company, alitoa shauri la kulima karanga kwa mashine katika Afrika ya Mashariki. Wakatumwa wataalamu, na kiongozi wao alikuwa John Wakefield, aliyepata kuwa mkuu wa kilimo wa Tanganyika. Wakaizunguka nchi kwa muda usiozidi miezi mitatu, wakarudi na taarifa yao: zifyekwe ekari zaidi ya milioni tatu, kwa gharama ya paundi kama milioni 25. Serikali ya Uingereza ikakubali. Kazi ikaanzia Kongwa, katika Ugogo, kisha ikaendelea Urambo na Nachingwea.

Kusudi lilikuwa kulima ekari 150,000 katika mwaka wa kwanza, yaani 1947. Zilizopandwa hazikufika 8,000. Matrekta, ambayo mengi yalikuwa mabaki ya vita, yaliharibika upesi kuliko mafundi walivyoweza kuyatengeneza. Mizizi ya vichaka ilivunja majembe, na udongo ulipokaushwa na jua la kiangazi ukawa mgumu kama sakafu ya saruji. Tena mvua ya Ugogo ni haba, na miaka mingine hukataa kabisa. Jambo hilo kila mama wa Kigogo angaliweza kulieleza bila kulipwa mshahara.

Mwaka 1948 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuunda shirika la kuiendesha kazi hiyo, na sheria ikaagiza hesabu ziandikwe ipasavyo. Hesabu za kwanza zilipotolewa mwaka 1949, wakaguzi hawakuweza kuthibitisha ya kuwa vitabu vimetunzwa kama ilivyotakiwa. Mwezi wa Novemba mwaka huo maneno yakawa makali Bungeni London. Wapinzani wakataka uchunguzi ufanywe. John Strachey, waziri wa chakula, aliitetea kazi yake. Na kwa kuwa upande wa Serikali ulikuwa na kura nyingi, uchunguzi ukakataliwa. Mwezi wa Januari 1951 Serikali ile ile ilitangaza kwamba mpango umeachwa, na hasara ilikuwa kama paundi milioni 36. Mwaka 1949 walishinda kwa kura, lakini karanga haziotishwi na kura.

Basi, tuwahukumuje watu wale? Hawakutia fedha mifukoni mwao. Walitaka kuwalisha watu wenye upungufu, na wengi wao walifanya kazi kwa jasho juani. Hapa ndipo tuonapo kosa la mzee wetu. Mtu akidhani ya kuwa wevi ndio waulizwao hesabu, kila swali litamchoma kama tusi. Bali watu wema ndio wahitajio zaidi kuulizwa. Mwivi ayajua aliyoyafanya. Mtu mwenye bidii njema mara nyingi hajui. Moyo wake watazama mavuno tu, hata asione kwamba ghala inavuja. Anaposema, "Niaminini, maana nataka mema," asema kweli, lakini hajajibu swali aliloulizwa.

Hata hivyo tusiusifu utaratibu huu kupita kiasi. Bunge lile liliuliza habari za paundi za Waingereza. Ardhi iliyofyekwa ilikuwa ya Wagogo na makabila mengine, nao hawakuwa na mjumbe hata mmoja kule London. Katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lenyewe, Waafrika wa kwanza waliingia mwaka 1945, wawili tu, nao kwa kuteuliwa. Mwenye fedha alipewa majibu, japo yalikuwa machache. Mwenye malisho hakupewa neno. Kwa sababu hiyo twaona ya kuwa haimtoshi mbunge, wala mzee wa kanisa, kuuliza risiti iko wapi. Yampasa aulize pia nyumba iko wapi, na nani alala ndani yake.

Naye aulizaye ana dhambi zake za kujihadhari nazo. Wako waulizao ili kumwaibisha adui, nao hunyamaza rafiki yao anapopewa cheo asichokistahili. Huko si kutaka hesabu, bali ni kulipiza kisasi kwa kitabu cha hesabu. Nabii Samweli alipokuwa mzee hakungoja kuulizwa. Alisimama mbele ya watu wote, akawataka waseme kama amemnyang'anya mtu ng'ombe wake au punda wake. Naye Paulo, alipokusanya sadaka kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, alituma ndugu wengine waende pamoja na Tito, ili mtu asipate kuwalaumu kwa ajili ya fedha nyingi namna ile. Ingawa hatudhani ya kuwa mtu wa Korintho alimshuku Tito.

Mzee wetu alirudi Jumapili ya tatu, na vitabu amevifunga kwa kitambaa. Wazee wawili walikaa naye mchana kutwa. Ikaonekana ya kuwa mara nne alilipa kwa fedha zake mwenyewe sanduku lilipokuwa tupu, asimwambie mtu, hata usharika ukawa na deni kwake bila kujua. Ikaonekana pia ya kuwa mifuko tisa ya saruji ililipiwa na haikuletwa kamwe, wala yeye mwenyewe hakuwa na habari. Mwenye duka alipopelekewa hesabu alibisha kwanza, kisha akaleta mifuko sita. Deni la mzee lililipwa kabla ya Pasaka, naye akaomba tangu siku ile awepo mtu wa pili wa kutia sahihi.